Ushahidi wa Vifaa: Elimu, Milki na Faradhi ya Kufungua Kilichofungwa

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya maadili imeyashughulikia tangu kale ni lile la uhusiano kati ya kujua na kuwajibika, yaani ni kwa kiasi gani mtu anaweza kubebeshwa dhima ya jambo asilolijua, na ni wakati gani kutojua kwake kunageuka kuwa kosa lake mwenyewe. Swali hilo limepata sura mpya tangu vyombo vya nyumbani na magari vilipoanza kuwekewa kompyuta ndogo zinazopima, zinazoamua na zinazotoa taarifa kwa niaba ya mwenye chombo. Mashine ya kufulia huamua yenyewe lini iache kuingiza maji, kidhibiti cha sola humwambia mwenye nyumba betri imebakiwa na nguvu kiasi gani, na gari huamua mafuta yachomwe vipi kisha likamthibitishia mkaguzi kwamba moshi wake ni safi. Mwenye chombo husimama nyuma ya taarifa hizo kana kwamba ni kauli yake, ilhali mara nyingi hajui zimetungwaje, na katika baadhi ya nchi sheria humzuia kujua. Insha hii inachunguza kazi ya wale wanaovifungua vyombo hivyo na kuvisoma kwa mapenzi tu, na inatetea hoja kwamba uhalali wa kazi yao hautokani kwanza na haki ya milki, kama inavyodaiwa mara nyingi, bali unatokana na wajibu ambao jamii nzima inao na ambao wachache wanautekeleza kwa niaba ya wengine.

Kazi inayozungumziwa ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ufundi wa kutengeneza, yaani kutafuta kilichoharibika na kukirudisha katika hali yake. Ya pili ni uhandisi wa kinyume, nao ni utaratibu wa kuanza na kitu kilichokwisha kuundwa na kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye mchoro na fikra zilizokiunda, kwa kuwa aliyekiunda hakuutoa mchoro huo au aliuficha kwa makusudi. Mafundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi hufanya yote mawili ili wapate riziki. Wapo pia watu wenye kazi nyingine, walimu, wahasibu, wanafunzi na wastaafu, wanaoyafanya jioni bila malipo, na hao ndio wanaolifanya swali la kifalsafa lionekane wazi zaidi, kwa sababu ukiondoa ujira kinachobaki ni hamu ya kujua peke yake.

Jinsi elimu hiyo inavyopatikana inaweza kuonekana katika hitilafu moja iliyozoeleka. Katika vyombo vingi vya bei nafuu, ubao wa saketi haupati umeme kupitia transfoma; umeme wa volti 230 hupunguzwa na kapasita moja ya plastiki, yaani kijenzi kinachohifadhi chaji na kuruhusu kiasi maalumu tu cha mkondo kipite, kisha mkondo huo mdogo hunyooshwa na kutulizwa hadi kufikia volti 5 zinazotosha kuendesha chipu. Kadiri miaka inavyopita, kapasita hiyo hupoteza uwezo wake bila kuvimba wala kuungua, na kwa nje huonekana nzima kabisa. Chombo kikiwashwa, taa zake huwaka kama kawaida. Lakini mara rilei, ambayo ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, inapotakiwa kuwasha mota, mkondo hautoshi, volti zinaporomoka, chipu inajizima na kuanza upya, na kinachosikika ni tiki-tiki-tiki isiyokoma. Asiye na uzoefu husema chipu imekufa au mota imeungua. Mwenye uzoefu huweka multimeta, yaani kipimo cha umeme, kwenye njia ya volti 5, huona namba ikishuka kila rilei inapojaribu kushika, huchomoa waya kwenye soketi, hungoja chaji iishe, hulegeza mguu mmoja wa kapasita na kukuta kwamba ile iliyoandikwa nanofaradi 470 imebakiwa na chini ya nusu ya hizo. Ubao wa namna hiyo umeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani, kwa hiyo kuugusa ukiwa umewashwa kunaweza kuua. Kujua hilo nako ni sehemu ya elimu yenyewe.

Aristotle alifundisha kwamba kukijua kitu ni kujua sababu zake nne, ambazo ni maada iliyokiunda, umbo lake, aliyekifanya na lengo lake. Anayefuatilia njia za shaba kwenye ubao na kuzichora upya kwenye karatasi huanza na maada na umbo, lakini haishii hapo, kwa sababu kila kijenzi anachokitambua humlazimisha kuuliza kwa nini kimewekwa pale na si kingine. Akigundua kwamba kapasita imechukua nafasi ya transfoma, ametambua pia kwamba mbunifu alitafuta wepesi na bei ndogo, akakubali kulipia akiba hiyo kwa umri wa chombo. Kwa njia hiyo msomaji wa ubao huifikia nia ya mtu asiyemjua, aliye mbali naye, na ambaye hakukusudia kusema naye. Hukumu zake zinaweza kupimwa, kwa kuwa akibadilisha kapasita na mota ikazunguka, dai lake limethibitika, na isipozunguka limekanushwa bila nafasi ya kubishana.

Hali inakuwa ngumu zaidi pale lengo linapohama kutoka kwenye waya na kuingia kwenye programu, kwa maana ya maagizo yaliyoandikwa ndani ya chipu ambayo jicho haliwezi kuyaona. Magari ya sasa ni mfano mzuri. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ilitangaza mfumo wa mawasiliano uitwao CAN, ambao kwa waya mbili zilizosokotwa pamoja huziunganisha kompyuta za injini, breki, dashibodi na milango, zikapeana habari kwa vifurushi vidogo. Katika muundo wake wa kawaida kila kifurushi hubeba namba ya utambulisho na baiti zisizozidi 8 za data, na hakielezi namba hizo zina maana gani. Mpenda ufundi anayeunganisha kompyuta yake kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani huona mkururo wa namba zinazopita kwa kasi. Anachofanya ni kubonyeza swichi ya kioo cha dirisha mara kadhaa na kuangalia ni namba gani imebadilika, kuliendesha gari polepole na kulinganisha baiti mbili fulani na mshale wa mwendo, kisha kuandika maana moja baada ya nyingine hadi lugha nzima ya gari ianze kusomeka. Ni kazi ya subira inayofanana na ya msomi anayesoma maandishi ya kale yasiyo na kamusi.

Umuhimu wa kimaadili wa usomaji huo ulidhihirika katika kashfa ya moshi wa magari ya Volkswagen. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliopima magari ya dizeli barabarani kwa vipimo vya kubebeka, waliripoti kwamba baadhi yalitoa oksidi za naitrojeni, gesi zinazodhuru mapafu, kwa kiwango kikubwa kuliko kile yalichotoa yalipopimwa maabara. Tarehe 18 Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba programu ya magari hayo ilitambua pale gari lilipokuwa likikaguliwa na kuwasha udhibiti kamili wa moshi wakati huo tu, na kwamba nje ya ukaguzi gesi hizo zilifika hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Kampuni yenyewe ilisema magari yanayohusika duniani yalikuwa kama milioni 11, na mwaka 2017 ilikiri makosa ya jinai mbele ya mahakama ya Marekani. Vipimo vya barabarani vilionyesha kwamba kuna tofauti, ila havikuweza kuonyesha ilivyotungwa. Desemba 2015, katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta uliofanyika Hamburg, mtaalamu wa kompyuta Felix Domke alieleza jinsi alivyoisoma programu ya kompyuta ya injini ya gari lake mwenyewe aina ya Volkswagen. Alionyesha kwamba programu hiyo ililinganisha umbali ambao gari lilikwenda na muda uliopita, ikautazama uhusiano huo dhidi ya mistari ya mipaka iliyohifadhiwa ndani yake, na mwendo ulipolingana na ule wa jaribio rasmi la Ulaya, dawa ya kusafisha moshi iliendelea kumiminwa kwa kipimo kamili. Dereva alipotoka nje ya mipaka hiyo, programu ilihamia kwenye hesabu nyingine iliyotoa dawa kidogo. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Bochum na San Diego walichambua zaidi ya matoleo 900 ya programu za namna hiyo na kueleza utaratibu huo kwa upana zaidi.

Kisa hicho kinazua swali la kama kifaa kinaweza kusema uongo. Jibu la haraka ni kwamba uongo unahitaji nia, na chuma hakina nia; kwa hiyo mwongo ni mhandisi, nacho kifaa ni chombo cha uongo kama ulivyo ulimi. Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi, kwa kuwa linasahau mtu wa tatu, naye ni mwenye gari. Gari lake lilipopelekwa kwenye ukaguzi, ushahidi ulitolewa kwa jina lake, kwa namba yake ya usajili, na cheti kikaandikwa kwake. Alikuwa shahidi wa jambo asilolijua, aliyesemewa na kitu alichodhani ni mali yake. Tofauti kati ya taarifa isiyo sahihi na udanganyifu inaonekana vizuri katika jambo linalojulikana Afrika Mashariki. Magari mengi yanayoingia kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam yametumika Japani, ambako redio zake za FM zilitengenezwa kwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, na kwa hiyo hazizipati stesheni nyingi za huku zinazofika hadi 108. Fundi hufunga kijisanduku kati ya antena na redio kinachopunguza masafa kwa kiasi maalumu. Kikipunguza megahezi 16, stesheni iliyoko 100 huonekana kwenye kioo cha redio kama 84. Namba hiyo si kweli, na hakuna aliyedanganywa, kwa sababu kila anayeitumia anajua kilichofanyika na sababu yake. Kinachozaa udanganyifu, basi, ni tofauti kati ya kinachosemwa na kilichopo pamoja na kuzibwa kwa njia ya kuitambua.

Wengi wanaotetea haki ya kufungua vyombo huijenga hoja yao juu ya milki: aliyekinunua kitu anaweza kukifanyia apendalo. Fikihi ya Kiislamu, ambayo imeathiri kwa kina fikra za biashara katika pwani ya Waswahili, hutofautisha kumiliki aini, yaani kitu chenyewe, na kumiliki manufaa, yaani matumizi yake, kama alivyo mpangaji wa nyumba. Kwa kipimo hicho, chombo kilichofungwa kwa kufuli za programu kina utata mkubwa, kwa kuwa mnunuzi hulipia aini na kuibeba hasara yake yote kikiharibika, huku akipewa kwa hakika manufaa tu, na tena yale aliyokadiriwa na muuzaji. Fikihi hiyohiyo humpa mnunuzi hiari ya aibu, ambayo ni haki ya kurudisha bidhaa iliyofichwa kasoro. Na haki hiyo haina maana ikiwa kukitazama kitu ili kuitambua kasoro ni marufuku. Hata hivyo, hoja ya milki ina mpaka wake. Inamlinda mwenye gari tu, ilhali moshi huvutwa na wapita njia. Tena haiwezi kueleza kwa nini mtu ahangaike kusoma programu wakati gari lake linakwenda bila tatizo lolote.

Msingi ulio imara zaidi ni ule wa wajibu. Katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, Aristotle anaeleza kwamba tendo linalofanywa kwa kutojua halihesabiwi kuwa la hiari, lakini pia kwamba mtu hulaumiwa kwa ujinga aliousababisha mwenyewe, kama mlevi asiyejua atendalo. Katika Uislamu, taklifu, yaani kubebeshwa wajibu wa kisheria, hutegemea kwamba mtu ana akili na ana njia ya kulijua analotakiwa. Na wanateolojia Wakatoliki hutofautisha ujinga usioshindika, ambao mtu hakuwa na uwezo wa kuuondoa, na ule unaoshindika. Mapokeo haya matatu yanakubaliana juu ya jambo moja: dhima hufuata uwezekano wa kujua. Likikubaliwa hilo, anayeuza chombo na kuizuia njia ya kukijua hawezi kumkabidhi mnunuzi dhima ya kinachofanywa na chombo hicho; dhima hubaki pale ilipobaki elimu. Lakini iwapo njia ipo na kila mtu ameipuuza kwa uvivu au kwa kuona halimhusu, ujinga wa jamii umekuwa wa kujitakia.

Hapa hutokea pingamizi la kwanza, ambalo ni zito. Hakuna mtu anayeweza kukisoma kila kitu anachokitumia. Mgonjwa humeza dawa bila kusomea famasia, na abiria hupanda ndege bila kukagua injini. Kumtaka kila mwenye jokofu awe mhandisi ni kuifanya jamii isiweze kuishi. Jibu linapatikana katika dhana ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kupitia sala ya maiti, nayo ni faradhi ya kifaya, wajibu unaoielekea jamii nzima na ambao, wakiutekeleza baadhi ya watu, huwaondokea wote. Usipotekelezwa na yeyote, dhambi ni ya wote. Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Ihya Ulumuddin aliingiza katika faradhi hiyo si elimu za dini pekee bali pia tiba, hesabu, na kazi kama kilimo, ufumaji na ushonaji, na aliwalaumu watu wa zama zake kwa kurundikana katika fikihi huku miji ikikosa matabibu. Kwa mantiki hiyo, pale ambapo maisha ya watu yanategemea vyombo vinavyoamua na kutoa ushahidi, kuwa na watu wanaoweza kuvisoma bila kutumwa na watengenezaji wake ni faradhi ya kifaya. Asiyejua kutofautisha rezista na kapasita anaweza kuwa na imani na gari lake kwa haki, mradi ajue kwamba wapo waliolifungua na kwamba hawakuzibwa mdomo. Imani ya namna hiyo ina tegemeo. Ile inayobaki baada ya kila kufuli kufungwa ni utiifu tu.

Pingamizi la pili linahusu siri ya mtengenezaji, ambaye ametumia mali na akili na hapendi kunyang'anywa. Kuvunja ghala lake au kumhonga mfanyakazi wake ni wizi usio na mjadala. Lakini kusoma kitu alichokwisha kukiuza ni jambo jingine, na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1974, katika kesi ya Kewanee dhidi ya Bicron, iliutaja uhandisi wa kinyume kuwa njia ya haki na ya uaminifu ya kuipata siri ya biashara. Pingamizi la tatu ni la madhara, na ndilo linalohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu elimu iliyofichua hila ya moshi ndiyo inayomwezesha mwingine kurudisha nyuma kilomita za gari. Katika magari mengi idadi ya kilomita imehifadhiwa katika chipu ndogo ya kumbukumbu. Anayejua namba hizo zimeandikwa vipi anaweza kulifanya gari lililotembea kilomita laki mbili liseme limetembea elfu themanini, na mnunuzi akailipia afya isiyokuwepo. Ili kulijibu pingamizi hili ni lazima mambo matatu yatenganishwe. Kujua kifaa kinafanya nini hakumdhuru mtu, na kwa hiyo hakuhitaji ruhusa. Kukibadilisha kwa matumizi ya mwenyewe kunaruhusiwa hadi pale kunapowagusa wengine, kama katika breki au moshi, ambapo kanuni ya kutodhuru inatawala. Kubadilisha kile ambacho kifaa kinamwambia mtu mwingine, bila mtu huyo kujua, ni ushahidi wa uongo, na hukumu yake haibadiliki awe ameufanya fundi wa uchochoroni au kampuni yenye wahandisi maelfu.

Sheria za nchi mbalimbali zimelikaribia jambo hili kwa kusitasita. Sheria ya hakimiliki ya kidijitali ya Marekani ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja kufuli za programu hata ndani ya mali ya mtu mwenyewe. Mwaka 2015 ilitolewa nafuu kwa magari na matrekta, lakini kwa mwenye chombo peke yake, na ni mwaka 2018 ndipo ilipopanuliwa ili mtu mwingine aweze kuifanya kazi hiyo kwa niaba yake, huku marufuku ya kusambaza zana za kuvunjia kufuli ikibaki palepale. Barani Ulaya, mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua Oktoba 2021, katika kesi ya Top System, kwamba aliyenunua programu kihalali anaweza kuifumua ili arekebishe makosa yanayoathiri utendaji wake. Kwa kipimo cha faradhi ya kifaya, kasoro ya nafuu ya mwaka 2015 inaeleweka mara moja, kwa sababu kumruhusu kila mwenye trekta ajisomee mwenyewe, huku akikatazwa kusomewa na ajuaye, ni kumpa haki ambayo walio wengi hawawezi kuitumia. Kuruhusu kitendo na kukataza zana zake kunarudia kasoro ileile kwa mlango wa nyuma.

Inafuata kutokana na yote hayo kwamba mpenda ufundi anayekesha na ubao wa saketi hahitaji kutetewa kama mtu mwenye burudani isiyo na madhara, wala kuvumiliwa kama mnunuzi mkaidi. Ana dhima zake, ambazo ni kusema alichokikuta bila kuongeza, kutoifanya elimu yake kuwa biashara ya kuficha kasoro, na kuwafundisha wengine ili kazi isikome naye. Jamii nayo ina dhima kwake. Sheria inayofunga njia za kuvisoma vyombo haimnyimi yeye peke yake. Inaondoa faradhi kwenye mikono ya waliokuwa tayari kuibeba na kuirudisha juu ya mabega ya watu wote, pamoja na wale ambao hawakuwahi kushika bisibisi.